Kupanda na Kutunza Krokosimia

Mmea unaolala chini ya udongo

Kakese ni kata iliyo karibu na mji wa Mpanda, katika Mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania. Huko mwaka una majira mawili makubwa. Masika huanza yapata mwezi wa Novemba na kumalizika mwezi wa Aprili. Baada ya masika hufuata kiangazi kirefu, ambacho huendelea hadi Oktoba. Wakati wa kiangazi nyasi hukauka, miti mingi ya miombo hupukutisha majani yake, na mara nyingi moto huunguza nyasi za porini. Ukipita mahali palipoungua utaona majivu na visiki vyeusi. Utadhani hakuna kilichobaki hai.

Lakini mvua za kwanza zikishanyesha, majani mabichi huchomoza katikati ya majivu hayo. Baadhi yake ni membamba na marefu kama panga. Je, mimea hiyo imetoka wapi? Si yote iliyoota kutokana na mbegu. Mingine ilikuwa hai wakati wote, imelala chini ya udongo. Udongo haupitishi joto upesi. Kwa hiyo moto ulipokuwa ukiunguza nyasi juu, sehemu ya mmea iliyokuwa sentimeta chache chini ya ardhi haikudhurika.

Katika somo hili utajifunza habari za mmea mmoja wa namna hiyo, uitwao krokosimia. Utajifunza jinsi ya kuupanda na kuutunza katika bustani ya shule au ya nyumbani. Utajifunza pia sababu ya kila kazi, kwa kuwa mtunza bustani asiyejua sababu ya kazi yake anaweza kuharibu kwa siku moja chakula ambacho mmea umekiweka akiba kwa miezi mingi.

Krokosimia ni mmea gani?

Krokosimia ni mmea wa maua wenye asili ya Afrika. Aina zake hazifiki kumi. Aina moja, yenye maua ya rangi ya machungwa, huota yenyewe katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo. Hupenda kingo za misitu na kandokando ya vijito, mahali penye unyevu na kivuli kidogo.

Jina krokosimia limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, yenye maana ya zafarani na harufu. Maua yake makavu yakitiwa katika maji ya vuguvugu hutoa harufu kama ya zafarani.

Majani ya krokosimia ni marefu na yamechongoka. Yamepangwa bapa, moja kando ya jingine, kama upepeo wa kupepea moto wa jiko. Mmea hufikia kimo cha sentimeta 60 hadi 100. Katika sehemu zetu zenye masika moja, maua yake huchanua zaidi kati ya Januari na Machi.

Gladiola ni ndugu wa krokosimia. Mimea hii miwili imo katika jamii moja. Gladiola ya porini huota katika misitu ya miombo, nayo ni mojawapo ya mimea iliyozaa gladiola kubwa zinazouzwa leo katika maduka ya maua duniani. Ikiwa shule yako haina krokosimia, unaweza kutumia gladiola ya bustani katika kazi nyingi za somo hili.

Tunguu ni nini?

Ukifukua krokosimia utaona kitu cha mviringo, kilichofunikwa kwa nyuzi za rangi ya kahawia. Watu wengi hudhani kuwa ni mzizi. Sivyo. Ni shina fupi lililovimba chini ya ardhi. Lina vichipukizi, na mizizi huota upande wake wa chini. Katika somo hili tutaliita tunguu.

Tunguu la krokosimia si sawa na kitunguu cha mboga. Kata kitunguu katikati, utaona tabaka nyingi zinazofunikana. Hizo ni sehemu za majani zilizovimba. Kata tunguu la krokosimia, utaona kwamba halina tabaka ndani. Ni gumu na limejaa, kama kiazi mviringo.

Kazi ya tunguu ni kuhifadhi chakula. Sasa tutachunguza chakula hicho ni cha namna gani.

Jaribio la kwanza: Kuchunguza chakula kilichomo katika tunguu

Vifaa: tunguu moja la krokosimia au la gladiola, kiazi mviringo kimoja, kisu, visahani viwili, na myeyusho wa iodini. Mwalimu wako atakupa iodini. Usiionje, wala usiiache iguse nguo.

Hatua:
1. Osha tunguu na kiazi. Ondoa nyuzi za tunguu.
2. Kata kipande kimoja cha kila kimoja, ukiweke katika kisahani chake.
3. Tia matone mawili ya iodini juu ya kila kipande.
4. Subiri dakika mbili, kisha angalia rangi.

Matokeo: Iodini ina rangi ya kahawia. Inapokutana na wanga hugeuka kuwa nyeusi yenye rangi ya buluu. Kiazi kina wanga mwingi, kwa hiyo rangi itabadilika. Je, katika kipande cha tunguu rangi imebadilika pia? Andika ulichokiona katika daftari lako.

Kutokana na jaribio hili tunajua kuwa tunguu limehifadhi wanga. Wanga huo ndio chakula cha chipukizi linapoanza kukua, kabla halijapata majani ya kujitengenezea chakula.

Kuchagua mahali na kutayarisha udongo

Wakulima wengi wa Mkoa wa Katavi hulima mpunga katika mabonde yanayotuama maji. Mpunga hustawi katika maji kwa sababu ndani ya mmea wake mna nafasi za kupitisha hewa kutoka majanini hadi mizizini. Tunguu la krokosimia halina njia kama hiyo. Ni kitu hai, nalo hupumua kwa kutumia hewa ya oksijeni iliyomo katika nafasi ndogo za udongo. Nafasi hizo zikijaa maji kwa muda mrefu, tunguu hukosa hewa na kuoza. Kwa hiyo usipande krokosimia mahali panapotuama maji.

Kwa upande mwingine, mmea huu haupendi udongo mkavu sana. Unataka udongo unaopitisha maji lakini unaobaki na unyevu. Pima mahali ulipopachagua kwa njia hii: chimba shimo la kina cha sentimeta 30, ulijaze maji jioni. Ukikuta asubuhi maji bado yamesimama, tafuta mahali pengine, au tengeneza tuta la kimo cha sentimeta 20.

Chagua mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli chepesi cha mchana. Lima udongo hadi kina cha sentimeta 30 na kuvunja mabonge. Kwa kila mita moja ya mraba, changanya karai moja la samadi iliyooza vizuri au mboji. Usitumie samadi mbichi, kwa sababu inapooza hutoa joto na inaweza kuunguza mizizi.

Kupanda

Panda mwezi wa Novemba, mvua zinapoanza. Fuata hatua hizi:
1. Chagua matunguu magumu yasiyo na madoa ya kuoza. Tunguu linalobonyea ukilibinya litupe.
2. Chimba mashimo yenye kina cha sentimeta 8 hadi 10. Acha nafasi ya sentimeta 15 kati ya shimo na shimo.
3. Weka tunguu moja katika kila shimo. Upande wenye chipukizi uelekee juu, na upande wenye alama za mizizi uelekee chini.
4. Fukia kwa udongo laini, kisha mwagilia maji.

Kina cha shimo ni jambo la maana. Tunguu likipandwa juu juu hupata joto kali, na mmea ukirefuka huangushwa na upepo. Likipandwa chini mno, chipukizi hutumia chakula kingi kabla halijafika penye mwanga. Linaweza hata kufa kabla ya kuchomoza.

Usivunjike moyo ikiwa mimea yako itatoa majani bila maua katika mwaka wa kwanza. Tunguu dogo huwa halina akiba ya kutosha. Litatumia mwaka huo kuongeza chakula chake.

Kazi za kila wiki

Palilia kwa mkono au kwa kijembe kidogo. Jembe kubwa linaweza kukata matunguu. Magugu hunyang'anyana na krokosimia maji, chakula cha udongo na mwanga.

Tandaza nyasi kavu juu ya udongo, ukiacha nafasi ndogo kuzunguka mashina. Matandazo hupunguza kasi ya maji kukauka na huzuia magugu kuota. Mvua zikikatika kwa siku kadhaa, mwagilia mara mbili kwa wiki. Mwagilia kwa wingi ili maji yafike chini. Maji kidogo ya kila siku hulowanisha juu tu.

Chunguza majani upande wa chini. Wakati wa ukavu, utitiri mwekundu huweza kufyonza maji ya majani na kuyaachia vidoa vya manjano. Yaoshe kwa maji safi, na ondoa majani yaliyoharibika sana. Zungushia bustani ua wa miti, maana kuku hufukua matunguu na mbuzi hula majani.

Kuchunguza ua

Ua la kwanza huchanua chini ya kikonyo, kisha mengine hufuata kuelekea juu. Kwa hiyo kikonyo kimoja huwa na maua kwa siku nyingi.

Chukua ua moja na ulichunguze. Hesabu sehemu zake zenye rangi: ni sita, nazo zimeungana chini kama mrija. Ndani utaona stameni tatu zenye chavua. Katikati umo uzi mwembamba ambao ncha yake imegawanyika mara tatu. Hiyo ndiyo stigma, sehemu inayopokea chavua. Chini ya mrija iko ovari, mahali zinapokua mbegu. Ua la gladiola nalo lina stameni tatu. Hii ni alama mojawapo inayoonyesha kuwa mimea hii ni ndugu.

Keti kimya karibu na maua kwa dakika 20 asubuhi, na tena kwa dakika 20 jioni. Andika ni wadudu au ndege gani wanaoyatembelea na ni mara ngapi. Huenda ukaona vipepeo, nyuki, au chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda. Wanafuata nekta, na wanapoondoka huchukua chavua kwenda katika ua jingine.

Ukitaka maua ya kupamba darasa, kata kikonyo cha maua tu. Majani uyaache. Sababu yake utaijua sasa.

Jaribio la pili: Je, majani yana kazi gani baada ya maua kunyauka?

Maua yakishanyauka watu wengi hukata mmea wote ili bustani ionekane nadhifu. Je, ni vyema kufanya hivyo?

Vifaa: matunguu 12 yanayolingana kwa ukubwa, mizani, na vitalu viwili vyenye udongo wa namna moja.

Hatua:
1. Pima uzito wa matunguu sita na uyapande katika kitalu A. Pima mengine sita na uyapande katika kitalu B. Uzito wa mafungu haya mawili ulingane.
2. Vipe vitalu vyote viwili maji, samadi na palizi sawasawa. Kitu kimoja tu ndicho kitakachokuwa tofauti.
3. Maua yakinyauka, katika kitalu A kata vikonyo vya maua tu. Katika kitalu B kata vikonyo na majani yote. Majani yakichipua tena, yakate.
4. Subiri hadi majani ya kitalu A yakauke yenyewe. Kisha fukua matunguu ya vitalu vyote viwili, yasafishe na uyapime.

Matokeo: Andika uzito wa matunguu ya kila kitalu. Kwa kawaida matunguu ya kitalu A huwa makubwa na mazito kuliko yale ya kitalu B.

Sababu ni hii. Jani la kijani hutengeneza chakula kwa kutumia mwanga wa jua, maji kutoka udongoni, na hewa ya kaboni dayoksaidi. Maua yakishakwisha, majani hayaachi kazi. Chakula wanachokitengeneza kinateremka chini na kuhifadhiwa katika tunguu jipya linalokua juu ya lile la zamani. Mmea ulionyang'anywa majani mapema hulala kiangazi kizima ukiwa na akiba ndogo. Mwaka unaofuata huenda ukatoa majani manyonge na usichanue kabisa. Kwa hiyo uzuri wa maua utakayoyaona mwakani unategemea majani unayoyaacha mwaka huu.

Ngoja majani yawe ya manjano, kisha yakauke. Hapo ndipo unapoweza kuyakata.

Kutunza matunguu wakati wa kiangazi

Mahali kama Kakese, njia rahisi ni kuyaacha matunguu ardhini. Ongeza matandazo hadi unene wa sentimeta 5, na mwagilia kidogo mara mojamoja. Krokosimia haistahimili kukauka kabisa, kwa kuwa asili yake ni mahali penye unyevu. Weka alama za vijiti ili mtu asije akalima mahali hapo kwa kutokujua.

Ikiwa ni lazima kuyafukua, yaweke katika kikapu chenye mchanga wenye unyevu kidogo sana, mahali penye kivuli na hewa. Usiyafunge katika mfuko wa nailoni. Yatatoa jasho na kuoza. Panya wasiyafikie.

Kugawa, na hatari ya gugu

Kila mwaka tunguu jipya huota juu ya la zamani. Baada ya miaka michache utakuta matunguu yameshikamana kama shanga zilizotungwa, dogo kwa umri likiwa juu. Mmea hutoa pia vichipukizi vinavyotambaa chini ya udongo na kuanzisha matunguu mapya. Kitalu kikijaa, maua hupungua. Kwa hiyo kila mwaka wa tatu, kabla ya mvua, fukua kitalu, tenganisha matunguu, na upande yale makubwa kwa nafasi.

Je, yaliyobaki utayafanya nini? Sikiliza habari hii. Karibu na mwaka 1880, huko Nancy nchini Ufaransa, mtunza maua aitwaye Victor Lemoine alizalisha krokosimia mpya kutokana na aina mbili za Afrika. Mmea huo ulipendwa na kupandwa katika nchi nyingi. Lakini matunguu yaliyotupwa ovyo yaliota. Leo nchini Uingereza krokosimia hiyo imeenea katika misitu na kando ya mito na kuisonga mimea ya huko, na sheria inakataza kuipanda porini. Mmea mzuri mahali pamoja unaweza kuwa gugu mahali pengine.

Basi usitupe matunguu ya ziada kijitoni wala katika shimo la takataka lililo wazi. Wape majirani wenye bustani, au yaanike juani hadi yakauke kabisa, kisha uyachome.

Tahadhari juu ya matunguu ya porini

Si kila kilichovimba chini ya ardhi ni chakula. Katika misitu yetu huota mmea uitwao gloriosa, wenye maua mazuri mekundu na manjano yaliyopindukia juu kama ndimi za moto. Ncha za majani yake hujikunja na kushika matawi ya mimea mingine. Sehemu yake iliyovimba chini ya ardhi huweza kudhaniwa kuwa kiazi. Ndani yake mna sumu kali iitwayo kolchisini, ambayo huweza kumuua mtu. Kwa kipimo kidogo sana, kinachopimwa na wataalamu, sumu hiyo hiyo hutumika kama dawa ya ugonjwa wa jongo. Lakini wewe usijaribu.

Shika kanuni hizi:
1. Usile wala usionje tunguu lolote la porini, wala matunguu ya maua ya bustani.
2. Nawa mikono kwa sabuni kila umalizapo kufanya kazi na matunguu.
3. Mtu akila kitu cha namna hiyo, apelekwe hospitali mara moja, pamoja na kipande cha mmea alioula.
4. Usifukue mimea ya porini ili kujaza bustani yako. Katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, kuchukua mimea kumekatazwa. Hata nje ya hifadhi, tunguu likishang'olewa, mahali pake halitachipua tena mvua zitakaporudi.

Mambo ya kukumbuka

Tunguu ni shina lililovimba chini ya ardhi ili kuhifadhi chakula. Chakula hicho huusaidia mmea kupita kiangazi na kuchipua wakati wa mvua. Tunguu ni kitu hai: linahitaji hewa na unyevu wa kiasi. Majani ndiyo yanayolijaza chakula, kwa hiyo hayakatwi yakiwa mabichi.

Maswali

1. Eleza tofauti mbili kati ya tunguu la krokosimia na kitunguu cha mboga.
2. Kwa nini gladiola ya porini haifi moto unapounguza nyasi?
3. Mpunga hustawi katika maji yaliyotuama, lakini krokosimia huoza. Eleza sababu.
4. Mstari una urefu wa sentimeta 150. Tunguu la kwanza limepandwa mwanzo wa mstari na la mwisho limepandwa mwisho wake. Kila tunguu liko sentimeta 15 kutoka jingine. Je, yako matunguu mangapi?
5. Katika jaribio la pili, kwa nini vitalu vyote viwili vilipewa maji na samadi sawasawa?
6. Jirani yako amekata majani mabichi ya krokosimia ili kusafisha bustani. Mweleze kwa maneno yako mwenyewe kitakachotokea mwakani.
7. Chora tunguu la krokosimia. Onyesha chipukizi, nyuzi na mizizi.
8. Waulize wazee wa kijijini kwenu: ni mimea gani mingine ya huko inayolala chini ya ardhi wakati wa kiangazi? Andika majina yake, na uandike ni ipi inayoliwa na ni ipi yenye sumu.